SHA yataka pesa ya mwaka mzima, bahari yatoa kwa msimu



Kila mmoja wetu ako na grupu la WhatsApp la mtaa, la madrasa ya zamani ama la ukoo, na haipiti wiki bila bango. Picha ya mgonjwa, jina la hospitali, kiasi cha bili, namba ya M-Pesa na jina la mweka hazina. Twatuma mia, mia mbili, twaandika "Allah amponye", siku zaenda. Kuanzia Tiwi mpaka Vanga mambo ni hayo hayo. Ukweli ni kwamba hii michango ndiyo bima yetu huku Kusini mwa Pwani, na tangu SHA ianze kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mimi binafsi sijaona mabango yakipungua.

Ukiuliza vijana mbona hawamo kwenye SHA, utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia, "Hiyo ni wizi, sijisajili ng'o." Wa pili atakwambia, "Si serikali ilisema matibabu ni bure?" Wote wawili wanaumia, na wanaumia kwa sababu hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza pesa zatoka wapi na zalipia nini. Basi leo tukae chini.

SHA si mfuko mmoja, ni mamlaka inayosimamia mifuko mitatu. Sheria zake zilitiwa saini Oktoba 2023 na zikaizika NHIF, ambayo ilikuwapo tangu 1966.

Mfuko wa kwanza ni wa Afya ya Msingi. Huu walipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, wanavyoviita level 2 na level 3. Pesa zake zatoka Hazina Kuu, yaani ushuru. Maana yake, ukiwa umesajiliwa tu, hata kama hujawahi kulipa ndururu, ukienda zahanati ya kijijini kwenu na mtoto ana homa hutakiwi kulipishwa kumuona muuguzi. Hii ni haki yako leo, na vijana wengi hawaijui. Yule anayesema "sijisajili ng'o" amejifungia mlango ambao ushuru wake mwenyewe umeulipia.

Mfuko wa pili ndio SHIF, bima yenyewe. Huu ni wa hospitali kubwa, kuanzia kama Msambweni kwenda juu mpaka Makadara kule Mombasa. Hapa ndipo wanapokuuliza umelipa ama hujalipa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Wa shilingi 30,000 hukatwa 825, wa 100,000 hukatwa 2,750. Zamani NHIF ilikuwa na kikomo, hata mkubwa wa mamilioni hakupita 1,700 kwa mwezi. Kikomo hicho kimeondolewa, na mimi kwa hilo sina neno. Mwenye nacho alipe zaidi.

Mfuko wa tatu ni wa dharura, maradhi sugu na wagonjwa mahututi. Huu hushika pale SHIF inapoishia. Kwa mfano kansa: mpango ulipoanza, SHIF ilitoa mpaka 400,000 kwa familia kwa mwaka, zikiisha mfuko wa tatu uliongeza 150,000. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kansa anajua hizo zafika wapi.

Sasa tuje kwa sisi tusio na mshahara, maana ndio wengi.

Mtu asiye na mshahara hupimwa uwezo wake. Unapiga *147# ama unasaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, unaulizwa maswali: nyumba yako ina paa gani, ukuta gani, choo gani, una mifugo ama huna. Mashine inapiga hesabu yake na kukupa kiwango. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukisikia hivyo waona ni afadhali, maana NHIF ilikuwa 500. Lakini NHIF ulilipa mwezi kwa mwezi. SHA yataka mwaka mzima kwa mpigo mmoja, yaani 3,600 kwa uchache, na hao ni wale waliopewa kile kiwango cha chini. Wengi mashine imewapa zaidi.

Hebu fikiria mvuvi wa Gazi ama Shimoni. Kaskazi ikitulia, bahari yampa. Mwezi wa nne upepo wa kusi ukianza, mwenye mtumbwi mdogo akaa pwani siku nyingi kuliko siku anazotoka. Mwenye ngalawa naye ni vivyo hivyo. Akiwa na bahati ana nazi mbili tatu za kuangusha. Mwezi wa sita mtu huyu umuombe 3,600 mkononi, atatoa wapi? Na umuombe mwezi wa kwanza samaki wakiwapo, aweza kulipa, lakini hakuna aliyekuja kumuomba wakati huo. Mpango umeandikwa na watu wanaoamini kwamba pesa huingia tarehe 30 kwa kila binadamu.

Diani nako ni hivyo hivyo, ila kwa suti nyingine. Kijana wa hoteli aajiriwa msimu wa watalii, akatwa 2.75 kila mwezi, ana bima. Msimu ukiisha, mwezi wa tano hoteli yapunguza watu, arudi nyumbani Ukunda. Makato yamekoma, bima imekoma. Akitaka kuendelea anageuka kuwa "asiye na mshahara", apimwe paa la nyumba, na alipe mwaka mzima mbele. Miezi minane alichangia wengine bila kuugua. Mwezi wa tisa apate ajali ya bodaboda pale barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, afikishwe kaunta aambiwe hajalipa. Huyu amekosa nini?

Serikali yenyewe iliona tatizo, ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa mkopo: walipiwa mwaka, wewe warudisha kidogo kidogo. Ni hatua, nakubali. Lakini kwa watu wetu neno mkopo lina uzito wake, na kabla kijana Mwislamu hajaingia huko ana haki ya kuuliza kama kuna riba ndani yake na ajibiwe kwa maandishi. Na mbona iwe mkopo? Mtu akiomba kulipa 300 yake kila mwezi, ama alipe ya miezi sita wakati wa kaskazi, kuna ugumu gani? Bodaboda alipia pikipiki yake kila siku kwa simu mpaka anaimaliza. Kampuni za pikipiki zimeweza, SHA isishindwe.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo, nalo ni la akina mama.

Tarehe 1 Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Baadaye mpango ukapelekwa NHIF ukaitwa Linda Mama. Mama hakuulizwa amechanga ama hajachanga. Alikuja na kitambulisho chake na mimba yake, akajifungua. Sasa Linda Mama haiko, imekuja Linda Jamii. Kiasi ambacho hospitali yalipwa kimepanda, 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na hilo ni zuri kwa hospitali. Lakini malipo hayo yatoka SHIF, na SHIF yataka mchango wa mwaka. Yaani mama aliyekuwa akiingia bure, leo lazima nyumba yake iwe imelipa. Wanasiasa wamelitangaza hili kama ni maendeleo. Kwa dada yetu wa Kinango ama Lunga Lunga ambaye bwana yake ni kibarua, mlango uliokuwa wazi umewekwa kufuli, na ufunguo wauzwa 3,600.

Na sote twajua mama asiyekuwa na pesa hufanya nini. Hubaki nyumbani mpaka mambo yaharibike, ndipo aletwe mbio mbio.

Twende kwa kitambulisho. Hili ni letu kabisa.

Usajili wa SHA waanza na namba ya kitambulisho. Huna kitambulisho, huna SHA. Kwa jirani zetu wa bara hiyo yaweza kuwa jambo dogo. Kwale si dogo. Wamakonde waliletwa huku enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana hapa, na mpaka Oktoba 2016 hawakuwa raia wa nchi yoyote. Ilibidi waondoke Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao, ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa vijiji vya uvuvi vya Kwale na Kilifi walingoja mpaka 2023. Fikiria mzee wa Kipemba wa miaka sitini: kwa miaka hiyo yote hakuweza hata kuingia NHIF kwa jina lake.

Wao walau wametambuliwa. Lakini kijana wa Kiislamu wa Pwani anayefikisha miaka kumi na minane bado ajua safari ilivyo: rudi kesho, leta cheti cha babu, leta mzee wa mtaa, huyu jina lake mbona liko hivi. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuondoa ule msasa maalum kwa kaunti za mpakani. Tangazo ni jambo moja, karani aliye dirishani ni jambo lingine. Kila mwezi unaozungushwa ni mwezi usio na bima. Twazoea kusema kitambulisho ni cha kura na kazi. Sasa hivi ni cha wodi pia. Kwa hiyo yule anayezungushwa asinyamaze. Andika tarehe, ofisi na ulichoambiwa, ulete kwa wanaotetea haki.

Kuna ndugu watauliza kuhusu bima kwa jumla, kama yafaa kisheria yetu ama la. Swali hilo ni la masheikh wala mimi si mufti. Nitasema mambo mawili tu ambayo ni ya hesabu. Moja, ule mfuko wa kwanza, wa zahanati, hauna mchango wako ndani, ni ushuru. Hata mwenye shaka na bima hana sababu ya kukosa kujisajili. Pili, makato ya SHIF kwa mwenye mshahara ni ya lazima kisheria, kwa hivyo swali la kama utalipa limeshajibiwa na serikali. Lililobaki ni kama utapata ulicholipia.

Na tukiwa hapo hapo kwa masheikh na kamati za misikiti. Tuseme msikiti umechanga 150,000 baada ya Ijumaa kwa ajili ya bili ya mtu mmoja, jambo la kheri na Allah awalipe. Kwa pesa hizo hizo, kwa kiwango cha chini, zingelipwa familia 41 kwa mwaka mzima. Kamati zetu zinajua nani hana, kuliko mashine inayohesabu mabati. Mjane anayeishi kwenye nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe, mashine yaona ukuta wa mawe na kumuongezea kiwango. Imamu anajua kwamba jikoni hamna kitu. Waulizwe masheikh kama zaka na sadaka zaweza kufanya kazi hiyo, na kwa masharti gani. Nasema haya nikijua hatari yake: serikali isije ikakaa kitako ikisema misikiti yashughulikia.

Kwa sababu hapa ndipo penye mzozo wenyewe. Nani alipie maskini?

Twaambiwa kila mtu achangie. Lakini sisi twachangia tayari. Bodaboda anayejaza mafuta Ukunda alipa VAT, iliyopandishwa mpaka asilimia 16 mwaka 2023. Ukinunua bando ya simu walipa ushuru. Ukituma pesa M-Pesa, ile ada ina ushuru ndani. Hakuna maskini wa Kwale asiyelipa kodi. Kuna maskini wasiohesabiwa kama walipa kodi. Halafu waambiwa ulipe mara ya pili, mbele, kwa mwaka, ndipo ulazwe.

Thailand walikutana na tatizo hili hili. Wakulima na wachuuzi wao hawakuwa na mshahara wa kukatwa. Mwaka 2001 wakaamua: wasio na ajira rasmi watalipiwa na ushuru, mgonjwa atoe baht 30 tu akienda hospitali. Hawakukimbizana na mchuuzi wa matunda kumdai mchango. Uingereza walishafanya hivyo kwa nchi nzima tangu 1948. Sisi tumeuchukua mpango wa nchi ambazo watu wengi wana ajira rasmi, tukaumwaga juu ya nchi ambayo wengi ni vibarua, wavuvi na mama mboga, halafu twashangaa kwamba mamilioni wamejisajili lakini wanaolipa ni wachache.

Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia Wakenya maskini milioni 2.2. Tumelipokea. Lakini tuulize: katika hao, wa Kwale ni wangapi, na nani alichagua majina? Kaunti yetu ilihesabiwa watu 866,820 katika sensa ya 2019. Orodha ibandikwe kwa chifu na msikitini, watu waisome. Jambo linalofanywa kwa ajili ya maskini halihitaji kufichwa.

Wakisema pesa hazipo, tuko na maswali. Mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika, Kenya ikiwemo, waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Hatujaifikia. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, katika ripoti iliyotoka 2025, alionyesha kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA wagharimu shilingi bilioni 104.8 na serikali hata haiumiliki. Na hapa kwetu, mchanga wa madini ulichimbwa Nguluku na Maumba na kusafirishwa nje tangu 2014 mpaka uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 yasema katika ule mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii. Mashimo yamebaki Kwale. Si vibaya kuuliza zile ishirini na zile kumi ziliweka nini kwenye wodi zetu.

Mpaka hayo yajibiwe, mjue yaliyo yenu leo. Jisajili, wewe na wazee nyumbani, hata kama huna cha kulipa. Zahanati isikulipishe kwa huduma iliyo chini ya mfuko wa kwanza. Ukifika na dharura, kifungu cha 43 cha Katiba chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kaunta haina mamlaka ya kukuuliza SHA kabla damu haijazuiwa. Na mgonjwa aliyepona hazuiliwi wodini kwa sababu ya bili. Mahakama Kuu iliamua hivyo Septemba 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi. Deni ladaiwa kama madeni mengine yanavyodaiwa. Mwili wa mtu si rehani.

Na jambo la dawa. Ukiwa na SHA, umelipa, bado waandikiwa karatasi ukanunue kemisti ya nje. Hili si kosa la yule muuguzi mchovu, msimrukie. Mara nyingi SHA imechelewesha malipo, ama pesa zimelipwa zikapotelea njiani. Sheria nyingine ya 2023 yasema pesa ambazo hospitali na zahanati ya kaunti yapata zibaki hapo hapo kituoni zinunue dawa na vifaa, zisiende kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Ni sheria nzuri sana na karibu hakuna kijana anayeifuatilia. Twapenda kupiga kelele kuhusu Nairobi, hali pesa ya zahanati yetu yajadiliwa ukumbini hapa karibu na viti viko wazi.

Kalenda ni hii, iko kwenye sheria ya fedha za umma. Mpango wa maendeleo wa kaunti wapelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa bajeti, kufikia 28 Februari. Bajeti yenyewe, kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa pesa waanza 1 Julai. Hapo katikati lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Tangazo likitoka, msiende kumi mkapige picha. Nendeni hamsini, mmoja wenu asimame na kumuuliza mwakilishi wadi maswali haya, na mwingine arekodi jibu: zahanati yetu ilidai SHA shilingi ngapi mwaka uliopita, imelipwa ngapi, na hizo zilizolipwa ziko kwenye akaunti ya nani?